Sekunde Kumi na Moja za Mwanzo

Jumanne, 9 Julai

Mjomba François amenipa daftari hili leo dukani kwake. Amesema niandike kila ninachosikia. Nilimuuliza ninachosikia wapi. Akasema, "Ku masikio, Mwadi, unasikiaka wapi?" Wateja wawili wakacheka, nikaangalia chini.

Nieleze vizuri, maana mwenyewe bado sijaelewa. Mjomba anauza redio na simu zilizotumika, karibu na soko la Manika. Mwezi uliopita mhandisi mmoja wa migodi alimaliza mkataba wake, akarudi kwao, akamwachia Mjomba boksi lenye kaske tatu. Hapa Kolwezi ukisema kaske watu wanafikiria kofia ya mgodini, lakini hizi ni za kusikilizia muziki, kubwa, zinafunika sikio lote. Mjomba anasema kila moja ilinunuliwa ghali sana Ulaya. Ipi ilikuwa ghali zaidi, hajui. Mhandisi hakuacha karatasi.

Tata Mukendi, yule anayerekodi kwaya na harusi, anataka kununua moja. Yake imeshikwa kwa utepe wa umeme miaka tisa sasa. Alimuuliza Mjomba swali moja tu: ipi kati ya hizi haidanganyi? Mjomba akajibu kabla ya kufikiri: "Mutoto wa dada yangu iko na masikio. Ataandika raporo." Ni kweli kwamba mimi humwambia Mjomba redio ipi inakoroma kabla hajaifungua. Lakini hiyo ni redio.

Tata Mukendi akasema: "Raporo ikiwa muzuri, nitamukamata ku studio."

Yaani atanipa kazi. Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nililishika kwa nguvu. Tangu alipokuja parokiani na mikro yake ya kurekodia mwaka huu, kabla ya Pasaka, sijataka kazi nyingine duniani, na sijamwambia mtu. Ningemwambiaje mtu? Shuleni nilikuwa nanyoosha kidole kuomba ruhusa ya kutoka, na kengele inalia mwalimu hajaniona.

Ripoti inatakiwa mwisho wa Agosti.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekaa chumba cha nyuma cha duka tangu asubuhi. Ya kwanza ni nyeusi, nzito, imefungwa pande zote. Ukiivaa, soko linazimika. Nimeiita Nyeusi. Ya pili ina vikombe vya mbao ya kahawia: Ya Mbao. Ya tatu ni ya kijivu, nyepesi, ina matundu kama chujio la chai na waya mrefu kuliko mimi. Sauti yake inavuja nje, na kelele za nje zinaingia. Hiyo ni Ya Matundu.

Nimezichomeka kwenye simu moja baada ya nyingine. Nyeusi inapiga mpaka kifuani. Ya Mbao ni tamu, lakini kila kitu kama kimepakwa mafuta yaleyale, ngoma na mwimbaji. Ya Matundu inanong'ona tu. Niliongeza sauti mpaka mwisho, bado ni kama mtu anaimba nyumba ya pili.

Nimeandika: Nyeusi 8, Ya Mbao 7, Ya Matundu 3. Kisha nikafuta. Nane ya nini?

Ijumaa, 12 Julai

Baridi. Vumbi. Leo Ya Mbao ndiyo bora. Sijui kimebadilika nini.

Jumanne, 16 Julai

Yaya Sadrack, kaka yangu mkubwa, amerudi kutoka Mutoshi, anakochimba. Nilikuwa nimezileta kaske nyumbani kwa ruhusa ya Mjomba. Hakuuliza zinaimbaje. Alizipima mkononi, moja moja, macho amefumba.

— Hii nyeusi njo bora, akasema. Inalemea. Jiwe yenye kulemea njo yenye mali.

— Lakini haiko jiwe, yaya.

— Kila kitu ni jiwe. Nionyeshe kitu ya bei kali yenye haina uzito.

— Noti ya dola mia, nikasema.

Mama alicheka mpaka akaacha mwiko ndani ya bukari aliyokuwa anaisonga. Sadrack alinitazama kama vile meza imesema. Mimi huwa sijibu hivyo.

Baadaye, akiosha miguu, alinieleza jambo ambalo nimelifikiria jioni yote. Wachimbaji wakipeleka mawe kwa wanunuzi, mawe yanapimwa kwa mashine, na mashine inataja asilimia ya shaba. Mchimbaji atajuaje kama mashine inasema kweli?

— Shi tuko na jiwe yetu moja, akasema. Asilimia yake tunaijua. Tunaibeba mu mufuko. Kwanza tunapima ile. Mashine ikisema namba yenye tunajua, bon, tunashusha mizigo. Ikisema ingine, tunaenda ku mununuzi mwingine. Sasa we, uko na jiwe gani?

Sikuwa nalo. Nimekuwa nikipima kwa nyimbo za watu ambao sijawahi kuwaona. Nitajuaje sauti yao ya kweli ikoje?

Jumapili, 21 Julai

Nimepata jiwe langu. Ni wimbo wa Pasaka wa kwaya yetu, ule aliorekodi Tata Mukendi parokiani. Mimi nilikuwepo, niliimba. Najua paa la mabati linavyorudisha sauti, najua jenereta ilikuwa upande wa kushoto, najua lile geti la chuma la mlangoni linavyolia. Kaske itakayonirudisha mle ndani ndiyo yenye kweli.

Ninao kwenye simu, ule uliozunguka WhatsApp.

Alhamisi, 25 Julai

Wimbo uleule, mara nne kwa kila kaske. Nyeusi inawapa akina tata, wanaume wa kwaya, sauti ya radi, na hawakuwa radi siku ile, walikuwa Tata Ntambwe na wenzake watatu, mmoja ana mafua. Lakini napenda. Ya Mbao inafanya kwaya nzima iwe kama mtu mmoja mpole. Hilo pia napenda. Ya Matundu bado inanong'ona, na siipendi, ila nikiwa nayo huwa nakunja uso na kusogea mbele kwenye kiti kana kwamba kuna mtu ananiambia jambo.

Kupenda na kweli, ni kitu kimoja? Mjomba anasema bei ndiyo itaamua. Nikamwambia bei anapanga yeye baada ya ripoti yangu. Akasema, "Njo vile," akaendelea kula karanga.

Jumanne, 30 Julai

Umeme hakuna tangu juzi.

Jumapili, 4 Agosti

Matokeo ya mtihani wa serikali yametoka. Nimefaulu, asilimia 61. Kwetu anayefaulu humwagiwa pudra kichwani. Pudra ilikuwa imeisha madukani kwa sababu ya wanafunzi wote waliomwagiwa tangu asubuhi, kwa hiyo Mama alinimwagia unga wa mahindi. Watu walipiga kelele uani. Nilisimama katikati, mweupe, sijui nifanye nini na mikono yangu. Mjomba alinikumbatia na unga wote, akaninong'oneza: "Na raporo?"

Ijumaa, 9 Agosti

Tata Mukendi amekuja dukani. Ni mtu mwembamba wa miaka kama hamsini, anaongea polepole na kichwa amekiinamisha upande mmoja. Alisoma karatasi niliyoanza kuandikia ripoti, akaona Ya Matundu nimeiandikia "inanong'ona".

— Unaisikilizia ku telefone?

— Ndiyo, Tata.

— Ile haikamate nguvu ya telefone. Inaomba nguvu mingi. Ni kama kuvuta lori na pikipiki.

Akatoa kwenye mfuko kisanduku kidogo cha chuma, kipaza nguvu, kinachokaa kati ya kompyuta na kaske. Halafu akatoa flashi.

— Na WhatsApp inakatakata sauti, akasema. Humu muko ile wimbo yenyewe, vile mashine iliikamata. Sijakata kitu, hata mwanzo. Sikiliza pole pole, mama.

Aliniita mama. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mara tatu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio maana kichwani hakuna mpangilio.

Saa tatu asubuhi niliwasha kompyuta ya Mjomba, nikachomeka kisanduku, nikachomeka Ya Matundu, nikafungua faili. Wimbo haukuanza. Kwenye ule wa WhatsApp unaanza moja kwa moja. Hapa kulikuwa na watu kabla ya wimbo. Ilifunguka kama mlango. Jenereta kushoto, mbali, nje ya ukuta. Benchi linaburutwa. Mtu anakohoa, na nikamjua, ni Tata Ntambwe. Nyayo. Nilikuwa mle ndani. Nilicheka peke yangu.

Kisha sauti ya Tata Mukendi, chini kabisa, anamwambia mama wa kwaya, kiongozi wetu: "Ule mutoto murefu, Mwadi, mupeleke nyuma. Karibu na mulango. Mbali na mikro." Mama wa kwaya anauliza juu ya mwenzangu wa darasani: "Na Chancelle?" Naye: "Chancelle akuye mbele."

Halafu kwaya inavuta pumzi.

Nilisimamisha hapo. Sekunde kumi na moja.

Nakumbuka siku ile mama wa kwaya alinishika bega akanisogeza nyuma, mstari baada ya mstari, mpaka nikawa nagusa geti. Nilifikiri ni kwa sababu mimi ni mrefu, nawaziba wengine. Lakini mikro haina macho. Ni sauti yangu ambayo hakuitaka karibu.

Nilichukua Nyeusi, nikacheza mwanzo uleule. Jenereta inavimba na kufunika kila kitu, sauti ya Tata Mukendi ni mvumo tu. Ya Mbao: unasikia kuna mwanaume anaongea, hujui anasema nini. Nikarudi Ya Matundu. Mupeleke nyuma.

Kwa hiyo jibu ninalo. Kwa jiwe langu mwenyewe, kaske moja tu inasema kweli. Nilitakiwa kufurahi. Nilizima kompyuta nikaenda kumsaidia Mama kutwanga sombe ya majani ya muhogo, na Mama akaniuliza kwa nini natwanga kama naua nyoka.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kuimba. Nimesema koo linauma.

Jumatano, 14 Agosti

Nilimkuta Chancelle anasukwa nywele mbele ya nyumba yao. Tulisoma pamoja miaka sita. Nilizunguka sana kabla ya kuuliza.

— Siku ya kurekodi, balikuweka mbele ju ya nini?

— Ju mi ni muzuri.

— Chancelle.

— Angalia hii uso, Mwadi! Dada anayemsuka akamvuta kichwa kirudi mahali pake, naye akaendelea: Aah, sijue. Mama wa kwaya alinivuta mukono, nikakuya. We ulikuwa wapi?

— Nyuma, ku mulango.

— Kweli? Sikukuona. Nilikusikia tu.

Nikaondoka kabla hajamaliza kusukwa.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimezisikiliza zile sekunde kumi na moja leo mara tisa. Kila mara nasimamisha kabla ya wimbo. Sasa hata waya wa Ya Matundu unanikera, na mito yake ya sikio inakwaruza. Je, ilikuwa inakwaruza Julai? Nimetafuta daftarini. Sikuandika.

Sijui tena kama ninaichukia kwa masikio au kwa kitu kingine.

Jumanne, 20 Agosti

Nimeandika ripoti, kurasa mbili, kwa Kifaransa kizuri. Nimesema Nyeusi ni ya kwanza: ina nguvu, imetengenezwa imara, uzito wake unaonyesha ubora. Niliposoma tena neno hilo la uzito niliona sura ya Sadrack amefumba macho. Ya pili, Ya Mbao. Ya Matundu ya mwisho: nyepesi, inavuja, inachosha msikilizaji.

Kila neno linaweza kutetewa. Inavuja kweli. Mimi nimechoka kweli.

Jumamosi, 24 Agosti

Tata Mukendi amenunua Nyeusi. Mjomba alipanga bei kufuatana na karatasi yangu: Nyeusi dola mia nne, Ya Matundu mia moja na hamsini. Ni akiba ya Tata Mukendi ya miaka miwili. Aliigusa kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika yai.

— Nilizania ile ya matundu itashinda, aliniambia. Lakini we njo umesikiliza mwezi na nusu, mi hapana. Utaanza kazi tarehe kumi na sita Septemba, baada ya jubilei.

Atatengeneza rekodi ya jubilei ya parokia kwa kaske hiyo. Mjomba alifurahi mpaka akanipa soda mbili. Nimepata nilichotaka. Nimekunywa moja.

Jumapili, 1 Septemba

Joto linarudi. Vumbi la malori limekaa hata kwenye kurasa hizi.

Jumatatu, 9 Septemba

Hakuna cha kuandika. Ya Matundu iko juu ya rafu dukani, inanitazama na matundu yake yote.

Jumapili, 15 Septemba

Jubilei. Baada ya misa waliweka spika mbili kubwa uani, padri akasema tutasikiliza rekodi mpya ya kwaya kabla ya chakula. Tata Mukendi alivaa koti. Alibonyeza, akarudi nyuma, mikono mgongoni.

Wakaimba akina mama. Wakaimba wasichana. Wanaume hawakuwepo. Ilipofika sehemu ambapo akina tata wanaimba peke yao, kulikuwa na kitu chembamba kama nzi ndani ya chupa.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akaulizia akina tata kwa sauti:

— Batata beko wapi? Banaenda kuchimba?

Watu wote uani wakacheka. Tata Ntambwe akasimama, akajipapasa kifua, akasema: "Mi niko hapa! Niliimba! Bashahidi beko!" Wakacheka zaidi. Ilikuwa inachekesha kweli. Hata padri alijifunika mdomo.

Tata Mukendi hakucheka. Alisogea mpaka kwenye spika, akaweka sikio karibu, kisha akaweka sikio la pili.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku yangu ya kwanza studio. Ni chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, mablanketi ukutani. Nilifikiri atanionyesha mashine. Alikuwa anafuta vumbi kwenye waya moja moja na kuzikunja.

— Ku kaske, besi ilikuwa mingi sana, alisema bila kunitazama. Nikapunguza. Ikabakia mingi. Nikapunguza tena. Nikapunguza mpaka batata bakakufa.

Nilielewa papo hapo. Nyeusi inaongeza radi ambayo haipo. Yeye aliitoa radi, na kumbe alikuwa anawatoa watu.

— Labda ni kaske, nikasema. Nilinong'ona tu.

— Kaske iko muzuri, ulipima weye. Ni masikio yangu, Mwadi. Miaka makumi mbili na tatu mbele ya spika. Niliona rafiki yangu mumoja ilimukuta vile vile, anasikia besi yenye haiko. Nilizania nitakufundisha. Sasa naona mwisho wa mwezi nitauzisha bintu byote.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilisema: "Ndiyo, Tata."

Ndiyo, Tata. Ndivyo nilivyosema.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemsaidia kukunja waya.

Jumatano, 18 Septemba

Nimekwenda dukani baada ya kazi. Niliamua kuichukua Ya Matundu, nimpelekee Tata Mukendi, aisikilize tu, labda ataelewa mwenyewe bila mimi kusema lolote. Rafu ilikuwa tupu.

— Nilimupa Kabemba, akasema Mjomba. Kesho asubuhi anaenda Dilolo. Kule Baangola bananunua kila kitu. Hapa nani atakamata kaske ya kuvuja? Weye mwenyewe uliandika.

Kabemba ni mfanyabiashara anayepeleka vitu mpakani na kumletea Mjomba pesa akirudi. Akirudi, vitu huwa vimekwisha.

Nilimwambia Mjomba niliandika vibaya. Akasema, "Vibaya namna gani?" Wateja waliingia. Nikatoka.

Alhamisi, 19 Septemba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa uwanja wanakopakia malori ya Dilolo. Nilifika nakimbia. Malori matano, injini zote zinaunguruma, wanawake wanapandisha magunia ya chumvi, watu wanaitana, vumbi mpaka kooni. Kabemba nilimwona juu kabisa ya lori la mbele, amekaa kwenye mizigo, miguu inaning'inia, na boksi la Mjomba mapajani. Lori lilikuwa limeanza kwenda.

Nilinyoosha kidole. Naandika ukweli wote hapa: nilinyoosha kidole, kama darasani.

Kisha nikaita: "Tata Kabemba!"

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Haikuwa kama kupiga kelele, ilikuwa kama kuimba bila kujali. Wanawake wa chumvi waligeuka. Dereva wa lori la mbele alikanyaga breki, wa nyuma yake akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani kutafuta honi.

— Nani amepiga klakson?

— Ni huyu mutoto, akasema mama mmoja.

— Huyu? Mama, huyu bamufunge ku lori yangu, klakson yangu ilikufa!

Walicheka, lakini lori lilikuwa limesimama. Kabemba alishuka nusu.

— Mwadi? Nani amekufa?

— Hakuna, Tata. Hii kaske haiendi. Ni makosa yangu. Nitamueleza Mjomba.

— Haiendi? Mi nilishaipatia mutu wa kuinunua!

— Haiendi, nikasema tena, na nikanyoosha mikono.

Alinitazama, akatazama madereva wanaopiga honi, akaniachia boksi. "Utanilipa sabuni ya hii vumbi," alisema akipanda.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Tata Mukendi. Sikukaa. Niliweka boksi mezani, nikasema yote nimesimama: kwamba Ya Matundu ndiyo ya kweli, kwamba nilijua tangu tarehe kumi Agosti, kwamba niliandika uongo.

— Ulinidanganya, akasema.

— Ndiyo, Tata.

— Nilitafuta munganga wa masikio. Niliambia muke yangu tutauzisha.

— Ndiyo, Tata.

— Ju ya nini?

Nikamwambia maneno yake mwenyewe, yote, kwa mpangilio: mupeleke nyuma, karibu na mulango, mbali na mikro, Chancelle akuye mbele. Aligeuza boksi mkononi, akalirudisha mezani. Nilitaka anifokee.

— Enda kwenu, akasema. Kesho usikuye. Nikikutaka, nitakuita.

Ijumaa, 20 Septemba

Mjomba ameambiwa yote. Alisema atapeleka Nyeusi Dilolo safari ijayo, vijana wa kule wanapenda kifua kitetemeke, na kwamba Tata Mukendi atabaki na Ya Matundu na kurudishiwa tofauti ya bei. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mi nilisema una masikio." Ni afadhali angenipiga.

Jumapili, 22 Septemba

Nimeimba. Mstari wa nyuma, kwa hiari yangu, chini chini.

Jumatano, 25 Septemba

Mawingu upande wa mgodi wa Mashamba, kisha hakuna. Hajaniita.

Jumamosi, 28 Septemba

Hajaniita. Mama anasikia mvua kwenye paa kila mchana, kumbe ni mabati yanalia kwa joto.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tata Mukendi ameniita.

Waya zilikuwa zimerudishwa mahali pake. Alinionyesha kiti, akanivalisha Ya Matundu mwenyewe, akaweka faili ile ya Pasaka. Jenereta. Benchi. Tata Ntambwe anakohoa. Mupeleke nyuma. Nilinyoosha mkono kusimamisha, mazoea tu, na nikakuta kiganja chake kimefunika kitufe.

— Mpaka mwisho, akasema. Halafu utaniambia mulikuwa mita ngapi ku mikro, we na Chancelle.

Kwaya ikavuta pumzi, ikaimba. Sikuwahi kuusikia wimbo huu wa flashi kwa kaske hii. Miezi miwili, na sikuwahi. Nilimsikia Chancelle hapo mbele, karibu sana, unasikia hata ulimi wake. Nilisikia akina tata wanne, na mafua. Nikatafuta geti. Lilikuwa mbali kabisa, kulia, linalia kidogo kwa upepo, na pikipiki inapita nje yake. Na hapo, mahali palepale pa geti, palikuwa na sauti iliyofika mbele sawa na ya Chancelle, imebeba mwangwi wa mabati.

Ilinichukua ubeti mzima kujua ni ya nani.

— Chancelle mita moja, nikasema. Mimi… kumi? Kumi na mbili?

— Kumi na moja. Mikro ilikuwa moja, Mwadi. Ukiwa na mikro moja, mwenye sauti kidogo anakuya mbele, mwenye sauti nguvu unamusukuma nyuma mpaka bote balingane. Ningekuacha mbele, watu bangesikia weye tu. Kila fundi anafanyaka vile. Hakuna mutu alikufundisha, na mi sikuona lazima ya kueleza.

Nilifikiri juu ya hilo. Nilimwambia labda ananibembeleza.

— Mi niko na hasira na weye mpaka leo, akasema. Mutu wa hasira hapana kubembeleza.

Hilo niliamini. Mengine bado yananichanganya. Ikiwa nina sauti hiyo, kwa nini nikisema jina langu dukani watu wananiuliza mara ya pili? Na Nyeusi bado naiona tamu, hata sasa nikiikumbuka. Niliposema hivyo Tata Mukendi alisema hata yeye, na kwamba hiyo ndiyo hatari yake.

Akaweka rekodi ya jubilei, akasema tuwarudishe akina tata. Tulikuwa tumemrudisha Tata Ntambwe tu wakati kitu kilipogonga mabati, kimoja, halafu viwili. Kaske hii haizuii ya nje. Alinitazama.

— Ni mu faili ao ni inje?

— Nje, nikasema. Ni mvua.

— Inaanzia wapi?

Nilifumba macho. Matone yalikuwa yanakuja pole pole, juu ya mablanketi, juu ya waya, kuelekea kwetu.

— Nyuma, Tata. Karibu na mlango.

— Bon, akasema, akanisogezea daftari la kazi. Andika.